Macho ya Panya wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mtunza panya katika kituo cha utafiti wa dawa, na ukimsikia akiisimulia kazi yake ungedhani anaendesha shule ya bweni. Panya wenyewe hawakuwa hawa wa darini wanaotafuna magunia. Walikuwa na kichwa cheusi na mwili mweupe, kama watu waliovaa kofia za sufu, na kila mmoja alikuwa na namba yake sikioni. Mjomba aliwalisha, akawabadilishia maranda ya kulalia, akawapima uzito, na kila Jumatatu akawatoboa ncha ya mkia kupata tone la damu la kupimia sukari. Mtaani walimwita Baba Panya. Wapo waliolianzisha jina hilo ili kumkera, lakini yeye alilipokea kama cheo.

Kila jioni akitoka kazini alipitia dukani kwetu. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, ni fundi cherehani, nami ndiye mkataji wake wa vitambaa. Mjomba alikuwa akioga hukohuko kazini na kubadili nguo zote, lakini Mama alimwekea kiti chake mlangoni, mbali na nguo za wateja, na hata siku ya mvua hakumruhusu kukisogeza. Alisema pua yake haidanganywi na sabuni.

Mwaka huo kituoni kulianza utafiti wa macho. Aliyeuongoza alikuwa daktari kijana, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, daktari wa kutafiti dawa na si wa kutibu watu. Mjomba alitueleza utafiti huo kwa siku tatu mfululizo, maana hakuamini kwamba tulielewa siku ya kwanza. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, alisema, vile vijishipa vyembamba vya nyuma ya jicho hulegea na kuanza kuvuja kama mpira wa maji uliozeeka. Jicho huvimba kwa ndani, na mtu huanza kuitazama dunia kama kupitia kioo kichafu. Matibabu yapo, ila mojawapo ni sindano inayochomwa ndani ya jicho lenyewe, na watu wengi wakielezwa hivyo hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Daktari alitaka kujua kama dawa ya matone, ya kudondosha tu asubuhi na jioni, ingeweza kupenya hadi huko nyuma na kuzuia kuvuja. Kabla ya kumpa binadamu, ilibidi aijaribu kwa panya.

Basi panya arobaini wakachomwa kemikali inayoharibu kongosho, wakapata kisukari, kisha wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja lilidondoshewa matone ya chupa zenye kizibo cha kijani, jingine ya kizibo cheupe. Chupa za rangi moja zilikuwa na dawa, za rangi nyingine maji ya chumvi matupu. Ipi ni ipi hakuna aliyejua, si Mjomba wala Daktari mwenyewe. Orodha ilifungiwa kwa mfamasia wa jengo jingine, ili mtu asije akaona nafuu pale anapotamani kuiona.

Mjomba alijua. Yaani yeye alisema anajua. Dawa ilikuwa kwenye kijani.

Ushahidi wake ulikuwa mrefu. Kulikuwa na kipimo ambapo panya anawekwa juu ya kijukwaa kidogo, na kuta zenye mistari myeusi na myeupe zinazunguka pembeni yake. Panya anayeona hugeuza kichwa kuifuata mistari. Mjomba alituonyesha kwa kukaa wima kitini na kugeuza shingo polepole, macho ameyatoa, mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi akamuuliza Mama kwa sauti ya chini kama ndugu yake yuko salama. Panya wa kijani, Mjomba alisema, waligeuka vizuri zaidi. Tena akiingia asubuhi walimsogelea ukutani mwa kizimba na kumtazama usoni, wakati wale wa nyeupe walimpa mgongo.

Mama naye alikuwa na sukari kwa miaka tisa. Alimeza vidonge vyake kwa saa, akapima chakula chake kwa kijiko, na hakupenda kuulizwa habari zake. Lakini kumchokoza mdogo wake ilikuwa dawa yake nyingine.

"Panya wako wana daktari wao, wana chakula cha kupimwa, wana mtu wa kuwadondoshea matone asubuhi na jioni," alimwambia siku moja huku akizungusha gurudumu la cherehani. "Mimi nina miaka tisa na ugonjwa huohuo, na ndugu niliye naye ananiletea hadithi. Si uniletee hata kachupa kamoja ka kijani?"

Mjomba hakucheka. Alisimama kabisa. Alimweleza kwamba dawa ile haijajulikana kama inaponya au inaunguza, kwamba kila tone limeandikwa, na kwamba mtu wa kazi yake akiiba tone moja ameiba utafiti mzima. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sawa, basi aletewe chupa nyeupe. Mjomba aliondoka bila kuaga, na kesho yake akarudi kama kawaida.

Sasa lazima niseme jambo ambalo wakati huo sisi wawili tulikuwa tumeanza kuliona na yeye hajaliona. Mjomba aliishi peke yake tangu mkewe alipofariki, hivyo hapakuwa na mtu wa kumtazama kwa karibu isipokuwa sisi, na Mama alimtazama kwa futi ya kushonea. Mwezi wa pili mwaka ule alimpunguzia suruali zake kiuno. Mwezi wa sita akampunguzia tena. Mjomba alisema ni kwa sababu ya kupanda ngazi za kituo. Mama alisema kituo kina ghorofa moja.

Kisha ikaja jioni ambayo Mjomba alitusimulia habari za maranda. Alilalamika kwamba panya hawa wa sukari wanamchosha. Wanakunywa maji kana kwamba kesho visima vinafungwa, wanakojoa mpaka vizimba vinabidi kubadilishwa kila siku, na wanakula sana huku wanakonda. Aliyasema hayo akiwa anamaliza kikombe cha tatu cha maji tangu aketi. Alipokimaliza alikiweka chini, akaniomba ufunguo wa choo cha uani, ambao alikuwa ameniomba nusu saa iliyopita, akatoka.

Mama alisimamisha cherehani. Tulitazamana.

Nilisema aambiwe. Mama akakataa. Alimjua tangu akitambaa, akasema; ukimwambia mdogo wake kwamba anaumwa, atakujibu kwamba wewe ndiye unayeumwa, na kuanzia siku hiyo hatanywa tena maji mbele yako. "Mganga hajigangi," alisema. "Huyu lazima aletwe na shughuli ya mtu mwingine."

Kesho yake Mama alianza kushindwa kutunga uzi. Aliusogeza uzi kwenye tundu la sindano, akalikosa, akaulamba, akalikosa tena, akashusha pumzi ambayo ilisikika hadi barabarani. Mimi nilijua kwamba miwani yake ya kusomea ilikuwa kwenye droo ya vifungo, na kwamba akiwa nayo angeweza kutunga uzi ndani ya basi linalotembea. Niliinama nikaendelea kukata. Siku ya tatu ya mchezo huo Mjomba aliacha kusimulia panya. Alikaa akimtazama dada yake, magoti yameshikamana, na uso wake ulinifanya nitamani kwenda kuifungua ile droo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwendea Daktari. Alimkuta maabara, akaanza kuuliza maswali kuhusu mwanamke mmoja anayemfahamu, mshonaji, mwenye sukari ya miaka tisa. Daktari alimwambia wazi kwamba hata matone yakifaulu kwa panya, yatapita miaka mingi kabla ya kumfikia mshonaji yeyote, na huenda yasimfikie kabisa, kwa sababu dawa nyingi zinazowafaa panya huishia kwa panya. Lakini huyo mwanamke hahitaji kusubiri. Mtu mwenye kisukari anapaswa kupigwa picha ya nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri, maana uharibifu huanza kabla ya mtu kuhisi chochote. Na ukigunduliwa mapema, miale ya leza na hizo sindano zinazoogopwa huokoa macho ya watu kila siku.

Mjomba alikuja jioni ile na kumpa dada yake maneno hayo yote kwa mpangilio, akihesabu kwa vidole. Mama alijifanya kuogopa. Alisema ataenda kwa sharti moja, kwamba na yeye mdogo wake akae kiti cha pili apimwe, ili asife kwa hofu peke yake. Mjomba alijibu haraka kwamba hata ikibidi apimwe meno atapimwa. Mama aligeukia kitambaa, na nadhani ndiyo mara pekee katika mkasa huu aliposikia aibu.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi, mimi nikiwa mpeleka wagonjwa. Katika kliniki ile ya macho kila anayeingia hutobolewa kidole kwanza kupimwa sukari. Mjomba alimweleza muuguzi kwamba yeye kazini hutumia mkia. Muuguzi alitazama kipimo, akakiandika kwenye karatasi, akaikunja, na hakucheka. Kisha wakadondoshewa wote wawili dawa ya kupanua mboni, wakakaa kwenye benchi bega kwa bega, vichwa vimeinuliwa, macho yamefumbwa. Mjomba aliona raha kuwa upande wa pili wa tone. Alisema sasa anaelewa kwa nini namba kumi na saba huwa anamng'ata.

Walipopigwa picha tuliitwa chumbani sote watatu. Daktari wa macho alikuwa mtu mzima, mpole, na mezani kwake palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta. Picha iliyokuwa pale ilifanana na mwezi mwekundu, na mishipa imetambaa juu yake kama mizizi. Mjomba, ambaye kwa dawa ile ya kupanua mboni aliona vitu vya mbali vizuri kuliko vya karibu, aliinuka akarudi nyuma hatua moja, akaitazama, na sura yake ikabadilika. Picha kama hizo za panya zilibandikwa kituoni juu ya sinki la kunawia. Alikuwa amezitazama kila siku kwa miezi minane.

Alimshika Mama mkono. Kwa sauti ya taratibu ambayo sijawahi kumsikia nayo, alianza kumweleza. Alisema asiogope. Vile vidoa vyekundu kama ncha ya kalamu ni vijishipa vilivyovimba. Ile mistari ya njano ni mafuta yaliyobaki pale palipovuja. Na pale katikati, karibu na sehemu ya kusomea, panaonekana pameanza kuvimba, lakini si sana, na kuna leza, na kuna sindano, na sindano yenyewe wanasema ni kufumba na kufumbua. Alimwambia atakwenda naye kila mara. Alimwambia atamshika kichwa yeye mwenyewe, kwa kuwa kazi ya kushika vichwa anaijua.

Daktari wa macho alimwacha amalize. Kisha akasema, "Umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, mzee. Ila hilo ni jicho lako."

Mjomba aliendelea kuushika mkono wa Mama. Aliitazama picha, akamtazama dada yake, akaitazama tena ile picha. Daktari wa macho alifungua karatasi ya muuguzi na kumwonyesha Mjomba sukari yake, ambayo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya inavyotakiwa, na akamuuliza kama anakunywa maji mengi.  Nikaona kwamba Mjomba anahesabu: vikombe, ufunguo wa choo, viuno vya suruali, vizimba vilivyolowa.

Mama alikuwa ameandaa maneno ya siku hiyo kwa wiki nzima, najua, kwa sababu alikuwa akiyajaribu mbele yangu jikoni na yote yalikuwa makali. Hakulisema hata moja. Alimwambia tu, "Mimi nilishapima mwezi wa tatu. Macho yangu ni mazima. Nilikuwa nakuleta wewe."

Kurudi ilikuwa kazi. Wote wawili mboni zimepanuka, jua linawachoma, na kila mmoja anamwambia mwenzake pa kukanyaga. Niliwashika mikono mmoja kulia mmoja kushoto, na watu walitupisha njia. Tulifika dukani. Hapo Mjomba aliuliza jambo moja, kama zile pumzi zilizosikika hadi barabarani zilikuwa za uongo. Mama akakiri. Mjomba alisema zilimnyima usingizi siku nne. Mama alikwenda akafungua droo ya vifungo, akaitoa miwani, akaivaa, na akakivuta kile kiti cha mlangoni mpaka karibu na cherehani yake.

Matibabu hayakuwa mepesi. Alianzishiwa vidonge, akanyimwa sukari ya chai, ambayo aliililia kama ndugu wa damu, na jicho la kulia likahitaji zile sindano, moja kila mwezi kwa miezi mitano. Mtu ambaye alikuwa amewashika panya arobaini asubuhi na jioni bila mkono kutetemeka, siku ya sindano ya kwanza alimshika muuguzi mkono kwa nguvu mpaka muuguzi akaomba abadilishiwe mkono. Alipotoka, jicho limefunikwa, alitangaza kwenye benchi kwamba ni kitu kidogo tu. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri walilitazama jasho lililomlowanisha kola. Hata hivyo aliporudi mwezi uliofuata walikuwa wamemwekea nafasi, na akawaeleza habari za vijishipa, na mwanamke mmoja ambaye alikuwa ameshachukua mkoba wake aondoke akaketi tena.

Utafiti nao ulifika mwisho. Kuna sehemu ya kazi ile ambayo Mjomba hakuwa ametusimulia hata mara moja, na safari hii alitusimulia bila kuulizwa. Ili kuona kama dawa imefika nyuma ya jicho, panya hulazwa usingizi ambao hawaamki, kisha macho yao hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Daktari alimwambia kwamba kwa hali yake mwaka huu anaweza kupumzika siku hiyo, kazi ifanywe na wengine. Alikataa. Aliwabeba mmoja mmoja mwenyewe, kwa sababu mikono yake waliizoea na hawakuhangaika. Alisema alimwomba namba kumi na saba radhi kwa yale matone. Mama alisimamisha mashine na hakumtania.

Wiki mbili baadaye mfamasia alifungua orodha. Dawa ilikuwa kwenye chupa nyeupe.

Mjomba alitueleza hilo akiwa amesimama, nafikiri ili awe karibu na mlango. Panya wa nyeupe, wale waliompa mgongo, ndio ambao vijishipa vyao vilikuwa vimevuja nusu na kidogo tu ya vile vya wenzao. Hawakupona, Daktari alisisitiza. Walipungukiwa na madhara, tena si wote. Lakini kwa matone tu, bila sindano, lilikuwa jambo la kuandikwa. Na wale wa kijani waliokuwa wakimsogelea na kumtazama usoni? Ilimbidi Mjomba akiri mbele ya Daktari kwamba vizimba vyao vilikuwa upande wa dirisha, na kwamba asubuhi akifungua dirisha alikuwa na desturi ya kupiga mluzi. Walikuwa wakiusikiliza mluzi. Kuona, hawakuona zaidi ya wenzao; na kule kwenye mistari Mjomba aliona alichotamani kuona.

Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alimuuliza kama bado angempa kachupa ka kijani.

Jicho la kushoto la Mjomba liko vizuri. La kulia limebaki na wingu dogo pembeni ambalo yeye hulisogeza kwa kugeuza kichwa, na daktari wa macho anasema angechelewa mwaka mmoja wangekuwa wanazungumza mengine. Uzito wake umerudi, na Mama analalamika kwamba alizikata zile suruali na hakuacha kitambaa cha kuzitanulia.

Daktari kijana amepata ruhusa ya kujaribu matone yake kwa wanyama wenye macho makubwa zaidi, ili aone kama yatapenya masafa marefu. Mjomba sasa anatunza sungura ishirini. Hawapendi. Anasema panya hata akikung'ata anakutambua, lakini sungura ana dharau, anakutazama kwa jicho la pembeni kama karani aliyechoka. Mlo wao, hata hivyo, ni majani na mboga, na kwa kuwa daktari wake mwenyewe naye amemwandikia majani na mboga, siku hizi hula chakula chake cha mchana mbele yao, ili waone, anasema, kwamba hata yeye hajafurahi.